Sare za Shule: Funzo Kutoka Malangali



Kila tunapokutana hazikosekani hadithi za ukaguzi wa sare: suruali zilizobanwa na fundi, shati lililochomolewa, na adhabu ya kufyeka iliyofuata. Wengi hudhani ugomvi huu umeletwa na vijana wa siku hizi. Historia ya Nyanda zetu za Juu Kusini yatuonyesha vinginevyo.

Mwaka 1928, wakati Gavana Donald Cameron akiitawala Tanganyika kwa kupitia machifu, ilifunguliwa shule ya serikali huko Malangali, mkoani Iringa. Mkuu wake, Mwingereza W. B. Mumford, alitaka elimu isimtenge mtoto na kabila lake. Wazee waliitwa kufundisha mila, vijana walicheza ngoma na kutupa mikuki, na badala ya kaptula na shati walivaa shuka la kujitanda kwa desturi ya wenyeji.

Shuka lile halikuwa na ubaya wowote. Baba zao walilivaa kwa heshima. Lakini aliyeliamuru alikuwa mgeni, naye hakuwa na haja ya kulivaa ili apate kazi. Kwa kijana wa wakati ule kaptula ilikuwa dalili ya ukarani na ualimu, yaani njia ya kutoka. Wengi waliona kwamba kusifiwa mila namna hiyo ni kuambiwa wabaki walipo. Jaribio hilo halikudumu.

Baada ya Uhuru amri iligeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai walitakiwa waache lubega wavae suruali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Dar es Salaam wanawake walibughudhiwa hadharani hata kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo, katika muda wa miaka 40, kijana aliamriwa avae shuka, akaamriwa alivue, kisha akapimiwa upana wa suruali. Mara zote hizo aliamuliwa na wakubwa pasipo kuulizwa.

Je, sare haina maana? La hasha. Mwaka 1962 ubaguzi wa shule kwa rangi ulipofutwa, sare ilipata kazi yenye heshima: mtoto wa mkulima wa Rungwe na mtoto wa mkubwa wa serikali wakae dawati moja bila kujulikana nani mwenye nacho. Sababu hiyo yastahili kutetewa hata leo.

Lakini usawa huo hununuliwa dukani. Ada katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita; sare imebaki mzigo wa mzazi. Na huku kwetu Mbeya na Iringa, ambako baridi ya Juni na Julai haina mchezo, sweta ni lazima. Nakumbuka mwenzetu kutoka Makete aliyekuja na sweta la kijani alilofumiwa na mama yake. Halikuwa la rangi ya shule. Akavuliwa paredini, akamaliza muhula akitetemeka ndani ya shati. Sheria ilitekelezwa barabara, lakini lengo lake lilipotea, maana siku ile shule nzima ilijua nani hana.

Walimu, kagueni sare. Lakini kabla ya kumwadhibu kijana, ulizeni kama anayo nyingine. Wanafunzi, msiibane suruali ambayo mzazi ameuza debe za mahindi ili kuinunua. Nasi wahitimu, katika mkutano ujao kila mmoja alete sweta moja la rangi ya shule, liwekwe stoo kwa ajili ya asiye nalo. La kwangu nimekwisha kulinunua.