Ufunguo Malaya na Kitasa cha Pini

Kitasa cha pini kilianza kikiwa cha mti. Katika Misri ya kale mlango ulifungwa kwa komeo lenye matundu, na vijiti vikadondoka kwa uzito wake ndani ya matundu hayo, komeo lisivutike. Ufunguo, nao wa mti, ulikuwa na vijino vya kuvinyanyua vijiti vyote kwa pamoja.

Ulaya ilitumia kwa karne nyingi vitasa vya chuma vilivyozuiwa na kuta ndogo za ndani. Kuzikwepa ilikuwa rahisi: fundi alichonga ufunguo mwembamba usiogusa kuta hizo, nao ukafungua milango mingi. Waswahili wameupa ufunguo wa namna hiyo jina linaloufaa, ufunguo malaya.

Mwingereza Joseph Bramah aliushinda mwaka 1784. Kitasa chake kilikuwa na vyuma vidogo vilivyopangwa kwa duara, kila kimoja kikihitaji kusukumwa kwa kina chake. Kufuli lililotengenezwa mwaka 1790 liliwekwa dirishani mwa duka lake mtaa wa Piccadilly, London, na zawadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lina vyuma 18. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb naye alitoa kitasa kilichojikaza pindi kikichezewa, hata mwenyewe akajua kwamba kuna mtu amekijaribu.

Vyote viwili vilishindwa na mtu mmoja. Alfred Charles Hobbs, fundi Mmarekani, alikwenda London mwaka 1851 kwa Maonyesho Makubwa. Cha Chubb alikifungua kwa dakika 25, na kile kinasa kilichowekwa ili kumfichua ndicho kilichomwambia amenyanyua chuma kupita kiasi. Lile la Bramah lilimchukua saa 51, zilizotawanyika katika siku 16. Ufunguo malaya usingemfaa hapo. Alitengeneza zana za kufuli hilo peke yake: kifaa cha kulishikilia likiwa limekazwa, na vyuma vyembamba vya kupimia. Hakuna fundi anayeweza kulinganisha vyuma 18 bila tofauti ya unywele. Kwa hiyo kinachokaza kwanza husikika mkononi. Kampuni ya Bramah ililalamika kwamba mwizi hapewi nafasi ya kufunga mitambo mlangoni. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini waamuzi walimpa Hobbs ushindi, na zawadi ikalipwa.

Mwamerika mwingine, Linus Yale mdogo, alikifungua kitasa ambacho Hobbs mwenyewe alikuwa akikiuza. Kisha, kwa hataza za 1861 na 1865, akaurudisha ule mpango wa Misri katika silinda ndogo ya chuma: pini zilizokatwa vipande viwili, springi juu yake, na ufunguo bapa unaoingia mfukoni. Ndicho kitasa kilichoko katika milango mingi ya leo.

Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiongeza vikwazo. Pini nyingine zilichongwa kiuno chembamba ili zimdanganye anayezipapasa. Kampuni ya Medeco ya Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilikata meno ya ufunguo kimshazari: pini lazima ipande kwa kimo chake na pia izunguke kwa pembe yake, ndipo chuma cha pembeni kinachoizuia silinda kiachie. Zana ya kunyanyua tu haitoshi tena. Hata hivyo, mwaka 2008 Marc Weber Tobias na Tobias Bluzmanis walitoa kitabu kizima kuhusu udhaifu wa vitasa hivyo.

Ufunguo malaya wenyewe ulirudi kwa ridhaa ya wenye nyumba. Hoteli na ofisi huhitaji ufunguo mkuu mmoja wa milango yote, kwa hiyo pini huongezewa mkato wa pili. Mwaka 2003 mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba mtu mwenye ufunguo halali wa chumba kimoja anaweza, kwa funguo chache zisizochongwa na tupa ya kawaida, kuupata ule mkuu. Mafundi wengi walikasirika kwamba siri yao imeanikwa. Walikuwa wakiijua kwa muda mrefu.