Spirulina ni nini hasa?

Wadau, wengi mnaniuliza kuhusu huu unga wa kijani. Watu huuita mwani, ila kitaalamu ni bakteria wa majini wanaotumia jua kama mimea. Huko Chad, akina mama wa Kikanembu huuchota kwenye madimbwi ya magadi kando ya ziwa, wakauanika mchangani, ukawa vipande viitwavyo dihé, vya kuunga mchuzi. Ukikauka, protini ni kama asilimia 60! Mimi niliutia kwenye uji. Harufu yake, mmh, kama samaki.

Tatizo ni hiyo B12 wanayoinadi: sehemu kubwa mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo usiyekula nyama usiitegemee. Na jamani, utando wa kijani wa Ziwa Victoria msiuchote. Ule ni aina nyingine, huweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na kuuchemsha hakuiondoi.