Mgao Sawa Si Mgao Stahiki

Kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja kwa heshima ya chai iliyoninywesha, imeona neno "usawa" litoshe kwa dhana mbili: kila mtu kupata kipimo kimoja, na kila mtu kupata kwa kadiri ya haja yake na ya hasara aliyorithi. Ndiyo sababu tunasoma kwamba Katiba ya 2010 inazipa kaunti 47 za Kenya "mgao sawa". Haizipi. Kifungu cha 203 kinataka tofauti za kiuchumi baina ya kaunti zizingatiwe na zirekebishwe. Nairobi na Lamu zikipokea fungu moja, kifungu hicho kimekufa.

Kwa dhana ya pili, neno linalofaa ni "ustahiki". "Sawa" ni la mzizi wa Kiarabu wa kulinganisha, nalo hulinganisha tu, haliulizi nani alinyimwa nini. "Stahiki" ni la istahaqqa, mzizi uleule uliotuzalia "haki": anayestahiki kitu ana haki juu yake. Wengi hulichanganya na "stahili", ambalo limetoka ukoo mwingine kabisa, ule wa "ahali". Kustahili ni kufaa. Kustahiki ni kudai. Nilieleza haya kwa kirefu kikaoni, mwenyekiti akatazama saa.

Mshindani wangu mmoja anapendekeza "usawia". Sawia, bwana, ni papo hapo! Mwingine ananicheka kwamba ustahiki utawakumbusha wanafunzi *Mstahiki Meya*, tamthilia ya Timothy Arege. Na uwakumbushe. Kejeli ya anwani ile ni kwamba meya hastahiki chochote, na kejeli hiyo haieleweki kwa asiyejua maana ya neno.

Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi juu ya fomula ya kuzigawia kaunti fedha, upande mmoja ukidai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Huo ndio usawa, na ni hoja halali. Wa Wajir na Tana River walidai ustahiki. Lugha isiyotenganisha madai hayo haiwezi hata kuripoti ugomvi wenyewe.

Matumizi: mgao stahiki, ustahiki wa kijinsia, na kadhalika.

Kinyume cha ustahiki kisiwe "ukandamizaji", neno linalotaka mtu wa kukandamiza na mtu wa kulaliwa. Kiwe "dhuluma", ambayo wanalugha wa Kiarabu waliifasili kuwa ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Mfano ni Waraka wa Bunge la Kenya nambari 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, yaani kwa waliokwisha kuwa navyo. Haukuhitaji rungu. Ulihitaji karani, muhuri, na neno pana la kuufunika.