Mfalme Aliyeketi Kuhesabu: Vita vya Mezani na Njaa ya Ugogo



Wapendwa wasomaji, katika Dominika ya 23 ya Mwaka C Mama Kanisa hutusomea sehemu ya Injili ambamo Bwana wetu anamtaja mfalme anayetaka kwenda vitani (Lk 14:31-32). Mfalme huyo hatoki mbio na upanga. Kwanza anaketi, anapiga hesabu kama watu wake elfu kumi wataweza kumkabili yule anayekuja na elfu ishirini. Akiona hawawezi, hutuma wajumbe wa amani adui angali mbali. Kwa kawaida tunalihubiri neno hili tukieleza gharama ya kumfuata Kristo, na ndiyo maana yake. Leo tunaomba ruhusa tukae kidogo na mfalme mwenyewe, kwa sababu historia ina mengi ya kusema juu ya watu wanaoketi mezani kuhesabu vita.

Huko Ulaya na Marekani upo mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona. Watu wazima, wenye kazi na familia zao, hukusanyika kuizunguka meza kubwa. Juu yake wametengeneza nchi ndogo yenye vilima, mito, nyumba, na mashamba ya nafaka ambayo mara nyingi ni kipande tu cha zulia lenye manyoya. Kisha hupanga majeshi ya vijisanamu vya madini au plastiki, vifupi kuliko kidole, kila kimoja kimepakwa rangi kwa subira ambayo tungefurahi kuiona kwa watoto wetu wa Komunyo ya Kwanza. Kijisanamu kimoja husimama badala ya askari makumi. Mwendo wa vikosi hupimwa kwa rula, na nani apigwe, nani akimbie, huamuliwa kwa dadu. Vita wanavyovipenda sana ni vile vya Napoleon, na hasa siku yake ya mwisho pale Waterloo, nchini Ubelgiji, tarehe 18 Juni 1815.

Tusiwacheke. Mchezo huu ulizaliwa katika jambo zito. Mwaka 1806 Napoleon aliliponda jeshi la Prusia, na maofisa wa nchi ile wakabaki wakijiuliza wamekosea wapi. Mwaka 1812 bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimwonyesha mfalme wao meza ya kuchezea vita. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliiboresha mwaka 1824 kwa kutumia ramani halisi, dadu na mwamuzi. Maofisa wa Prusia wakafundishwa kwa mchezo huo. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya wanasesere sakafuni, akieleza kwamba ni heri vita vidogo vya namna hiyo kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilikuja, vikafika mpaka kwetu.

Waterloo yenyewe iliwahi kuwekwa mezani yote. Ofisa Mwingereza William Siborne alikaa miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte, mahali palipopiganiwa vikali, akiipima ardhi. Akawaandikia barua maofisa waliokuwapo, akiwauliza kila kikosi kilisimama wapi. Mfano wake wa uwanja wa vita ulionyeshwa London mwaka 1838, ukiwa na makumi ya maelfu ya vijisanamu. Hapo ndipo matata yalipoanza. Wakubwa waliompenda Jenerali Wellington hawakufurahi, kwani Waprusia waliofika jioni kumsaidia walionekana wengi mno, na utukufu wa ushindi ukaonekana umegawanyika. Mwishowe Siborne aliwaondoa mezani maelfu ya Waprusia wake. Mfano huo ungalipo London, katika makumbusho ya jeshi.

Sisi habari hii hutusimamisha kila tunapoikumbuka. Mtu alitumia miaka kutafuta ukweli, halafu ukweli ukapunguzwa kwa mkono, kijisanamu kimoja baada ya kingine. Na hata kabla ya kuwaondoa Waprusia, ilikuwa imekwisha kukosekana hesabu nyingine. Siku ile ya Juni mashamba ya Waterloo yalikuwa yamejaa nafaka ndefu, karibu na mavuno. Ilikanyagwa yote. Mwenye shamba alikula nini mwaka ule? Kwenye zulia la mezani swali hilo halina kanuni.

Napoleon mwenyewe alikuwa hodari wa kuhesabu askari, lakini majeshi yake yalizoea kula walichokuta njiani, yaani ghala la mkulima. Mwaka 1812 aliingia Urusi na watu zaidi ya laki nne, na wengi wa waliopotea walimalizwa na njaa, maradhi na baridi. (Mwaka huohuo alikuwa bado amemshikilia Papa Pio VII, aliyemchukua mateka toka 1809. Papa alirudi Roma mwaka 1814, na mwaka 1817 akaomba mfungwa huyo wa kisiwa cha St Helena aonewe huruma. Mambo ya Mungu!)

Turudi nyumbani. Wapo wachezaji wa mezani wanaocheza pia vita vya Afrika Mashariki, hasa vya Tanga vya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishindwa na Wajerumani na askari wao wasiozidi sana elfu moja. Mchezo huo unapendwa kwa sababu ya nyuki waliowavamia wapiganaji, na wachezaji hawakosi kuwatafutia nyuki hao kanuni yao. Wapagazi, mara nyingi, hawana. Wakiwepo, ni pambo la nyuma ya mzinga.

Na huku kwetu, bara, vita vilikuwa ni wapagazi na nafaka kuliko kitu kingine. Mwezi Aprili 1916, katikati ya masika, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliteremka na wapanda farasi wake mpaka Kondoa Irangi. Farasi walikufa kwa mamia njiani, magari ya chakula yakazama katika matope, na askari wakalazimika kuishi kwa walichokipata kwa wenyeji. Von Lettow-Vorbeck akaleta jeshi lake kumkabili, nalo likala nchi hiyohiyo. Usiku wa tarehe 9 Mei Wajerumani walishambulia wakashindwa, kisha pande mbili zikakaa zikitazamana hadi karibu mwisho wa Juni. Mwishoni mwa Julai van Deventer alikuwa Dodoma kwenye reli, na katikati ya Agosti Mpwapwa, akiipita nchi hii yetu ya Kongwa na jirani zake.

Mashambulizi ya Kondoa yanaweza kuchezwa mezani jioni moja, watu wakanywa chai wakaenda kulala. Kilichofuata kilichukua miaka mitatu. Wenyeji wa Ugogo wanajua kwamba mvua yetu si ya kutegemewa. Tangu kale mtu aliweka akiba ya uwele na mtama katika kihenge, na ng'ombe walikuwa akiba ya akiba, wa kubadilishwa na nafaka mwaka mbaya. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika wakachukua nao. Kisha mvua ikakosa. Kihenge kitupu, zizi tupu, na mwenye nguvu za kushika jembe yuko mbali na mzigo kichwani. Njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Mafua makubwa ya 1918 yakakuta miili iliyokwisha kudhoofika. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu wa Ugogo wapatao 150,000, waliokufa walifika 30,000. Ni mmoja katika kila watano. Hesabu hiyo ukitaka kuielewa, tazama benchi ulilokalia kanisani.

(Kongwa ilikuja kuona tena hesabu za mezani mwaka 1947, zile za karanga, lakini hiyo ni habari ya juma jingine.)

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli Abneri anamwambia Yoabu vijana wasimame wacheze mbele yao, na pale kwenye bwawa la Gibeoni kumi na wawili wa huku na kumi na wawili wa kule wanauana wote (2 Sam 2:12-17). Wakubwa wameketi, wanatazama. Yule mfalme wa Injili naye ameketi, lakini yeye anahesabu ili apate kuacha. Mfalme wa 1916 angeongeza katika hesabu yake vihenge vya watu wasiomjua, tunadhani wajumbe wa amani wangetoka mapema.

Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, ipo sanamu ya askari wa vita hivyo. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Wapagazi waliachiwa jina la soko: Kariakoo ndipo ilipokuwa kambi ya kikosi chao, na ulimi wetu ukalikunja jina la Kiingereza la kikosi likawa neno la mjini. Wangapi wanaonunua vitunguu pale wanajua wanamtaja nani?

Mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wote, tutaandika pia majina ya waliokufa katika Mtunya na ya wapagazi wasiorudi. Wazee wa Mlali na vigango vyetu waliosimuliwa na bibi na babu zao, tunawaomba sana watufikie, au wawatume wajukuu. Jina moja linatosha, hata lisilo la ubatizo. Na ambaye jina limepotea katika ukoo wake, aandike tu kijiji alikotoka na kwamba alichukuliwa kubeba mzigo. Tutamsoma hivyo altareni.