Kuwatafuta Marehemu Katika Madaftari ya Goma

Mtu wa Goma atakaye kujua babu yake alifariki mwaka gani na kuzikwa wapi, kwanza huelekea komini, ya Goma au ya Karisimbi, kwenye ofisi ya usajili wa raia, akitaraji kuwa huko liko daftari ambalo wafu wamepangwa humo kwa tarehe zao. Na mara nyingi hutoka mikono mitupu, si kwa sababu karani ni mvivu wala kwa sababu daftari limefichwa, bali kwa sababu kifo hicho hakikupata kuandikwa humo kamwe. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yawataka jamaa watangaze kifo kama watangazavyo kuzaliwa. Walakini hata kuzaliwa kwenyewe, ambako kuna shule na mitihani ya kumhimiza mzazi, kulikuwa kumesajiliwa kwa watoto 40 tu katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5, kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2017 na 2018, seuze kifo, ambacho hakimpeleki mtu darasani. Hati ya kifo hutafutwa pale penye nyumba, kiwanja au pensheni ya kurithiwa, na maskini wasio na cha kurithisha huzikwa, wakaliliwa siku za matanga, yakaishia hapo.

Kwa hiyo mtafutaji mwenye busara haulizi ni nani aliyekuwa akiandika vifo. Huuliza ni nani aliyekuwa na haja na marehemu alipokuwa hai, kwa kuwa katika taarikhi ya Kivu jina la mtu lilitiwa karatasini kwa maslahi ya mwenye kalamu, wala si kwa faida ya wajukuu.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na haja ya kodi na ya mikono. Amri ya Dola Huru ya Kongo ya tarehe 4 Mei 1895 iliweka utaratibu wa kuandika vizazi, ndoa na vifo, lakini utaratibu huo ulikuwa, kwa vitendo, wa Wazungu na wachache waliolinganishwa nao; wananchi walihesabiwa katika kadi za walipa kodi, na mtu akifa kadi yake haikuwa na kazi tena. Wapagazi waliochukuliwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wanaokadiriwa kufika 260,000, wakabeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililotoka Kivu na kuingia Tabora Septemba 1916, wengi wao tunawajua kwa jumla yao tu.

Hazina iliyo kubwa zaidi imo katika parokia. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe walioasisiwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifungua misheni ya Nyundo, hapo ng'ambo ya mpaka karibu na Gisenyi, mwaka 1901, kisha wakaenea hadi upande wa Rutshuru, nao kila walipofika walifika na vitabu vyao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko atunze kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu, na kila mwisho wa mwaka apeleke nakala zake kwa askofu. Mtu angedhani basi kwamba kitabu cha marehemu ndicho cha kufunguliwa kwanza. La, hicho ndicho kilicho dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa Mkristo aliyefia kilimani, safari ya siku nzima kutoka misheni, alizikwa na katekista na jirani zake, na habari ikamfikia padri imechelewa au isimfikie kabisa. Chenye manufaa zaidi ni kitabu cha ubatizo. Lavigerie aliwawekea wanaotaka dini muda wa mafundisho wa miaka 4, nao mapadri waliushikilia kwa ukali, isipokuwa kwa mahututi, ambao waliweza kubatizwa papo hapo, hata na katekista. Hivyo mtu mzima aliyebatizwa kwa hatari ya kufa, kisha asionekane tena katika kitabu cha kipaimara wala cha ndoa, yamkini alifariki siku chache baadaye, na mstari wa ubatizo wake ndio tanzia yake. Fauka ya hayo, kila misheni iliandika shajara, na humo tauni, njaa na vifo vya watu mashuhuri hutajwa. Nyingi zimehifadhiwa Roma, kwenye nyaraka za shirika hilo. Na anayetafuta mtu wa kabla Goma haijafanywa dayosisi, asisahau kuwa nakala za zama hizo zilistahili kupelekwa Bukavu.

Lakini kulipata daftari si kumpata mtu. Wanande humwita mtoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, Paluku au Mumbere kwa mwana wa kiume wa kwanza, Kambale kwa wa pili, Kasereka kwa wa tatu, Kakule kwa wa nne, hata ukurasa mmoja ukawa na akina Kambale wengi wasiotofautishwa ila kwa jina la ubatizo. Na jina hilo la ubatizo, Rais Mobutu alipolipiga marufuku mwaka 1972, likatoweka katika karatasi za serikali, basi Joseph wa parokia akawa hana wa kufanana naye komini. Hata hivyo desturi hiyohiyo ina fadhila yake. Ikiwa mzee Kasereka ndiye mkubwa wa ndugu wote wa kiume wanaokumbukwa nyumbani, mtafutaji na ahoji habari za wawili waliomtangulia, kwani huenda walifariki wachanga na hakuna karatasi nyingine inayowashuhudia.

Kisha kuna mlima. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukala Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na maelfu ya nyumba, na ndani ya nyumba hizo mabuku, picha na hati ambazo watu hawakupata fursa ya kuzibeba. Ajabu ni kwamba mlima huohuo umekuwa kalenda ya wazee: ajuza asiyejua mwaka hata mmoja atakuambia bila kusita kuwa mumewe alifariki kabla ya volkano ya kwanza, naye akusudia ile ya tarehe 10 Januari 1977, au kati ya hiyo na ya pili, na kwa mwandishi wa nasaba huo ni ushahidi wa kupokewa kwa shukrani.

Mwaka 1994 ni mlango wa peke yake. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache za Julai, kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu vikawashukia, na katika mwezi mmoja wakafa karibu 50,000. Mwamba wa volkano haukuchimbika kwa jembe, hivyo maiti walikusanywa kando ya njia kwa malori na kuzikwa pamoja katika mashimo yaliyochimbwa kwa mitambo. Walihesabiwa, na hesabu ikachapishwa katika majarida ya tiba, ila majina hayakuandikwa. Jamaa zao hawana la kutafuta Goma. Waanze katika parokia walizotoka marehemu hao, Nyundo na nyinginezo, ili angalau wajue ni nani aliyeondoka nyumbani.

Pale karatasi zote zinapokwisha, husalia mahakama. Sheria yampa hakimu uwezo wa kutoa hukumu inayoshika nafasi ya hati ya kifo isiyokuwapo, baada ya kusikiliza mashahidi, na hata kutangaza kifo cha aliyepotea katika hatari bila mwili wake kuonekana, jambo ambalo tangu vita vya 1996 limezihusu nyumba nyingi za Kivu. Hukumu hiyo ikiandikwa komini, hati hutolewa kama nyingine yoyote, yenye tarehe kamili ambayo pengine ilikisiwa kutokana na masimulizi ya volkano. Kwa hiyo mjukuu aoneshwapo hati ya namna hiyo asiridhike nayo. Na aiombe hukumu yenyewe mahakamani, kwa kuwa humo ndimo yalimo majina ya mashahidi, na huenda mmoja wao yu hai bado, tena anakaa mtaa wa pili.