Ramani ya Turkana Haina Kiangazi

Chukua simu yako, fungua ramani, utafute Lodwar. Mji utauona vizuri: barabara, daraja, maduka, mto Turkwel ukipita kando. Sasa sogeza kidole kaskazini-magharibi hadi Kakuma, kama kilomita 120 hivi. Hapo katikati ni rangi ya mchanga tu na majina machache yaliyotawanyika. Ukiyaamini macho yako utasema hii ni nchi tupu, inangoja mwenyewe aje.

Utupu huo umetengenezwa. Una historia yake, na ninaisimulia kwa sababu ardhi inayoitwa tupu haikosi mtu wa kuijaza, na mara nyingi huyo mtu hakuulizi.

Hadi 1926, sehemu kubwa ya Turkana ilihesabiwa kuwa Uganda, ndani ya kile kilichoitwa Mkoa wa Rudolf. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya, kwa karatasi. Mfugaji aliyelala Uganda akaamka Kenya wala mbuzi wake hawakujua. Wakoloni walitaka kodi, walitaka bunduki zirudishwe, na walitaka kujua nani analisha wapi. Basi 1938 timu ya Kenya na Sudan ikachora mstari mwekundu kule Ilemi, kuonyesha ng'ombe wa Waturkana hufika wapi upande wa kaskazini. Nauona mstari huo kama moja ya ramani za kwanza za matumizi ya ardhi katika eneo hili. Wachoraji walichukua kitu kinachohama kwa mvua, wakakigeuza mpaka. Malisho yaliendelea kuhama kama kawaida, ila sasa aliyeyafuata aliweza kuambiwa kwamba amevuka. Hadi leo Ilemi ina mgogoro.

Ndani ya Kenya yenyewe Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni alihitaji kibali kuingia. Ndiyo maana serikali ya kikoloni iliona panafaa kumfungia Jomo Kenyatta, kwanza Lokitaung, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Kwao, Lodwar ilikuwa mwisho wa dunia. Halafu angalia kinaya: 1965, Kenyatta akiwa rais, serikali yake ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza kule zitakakozaa haraka, yaani kwenye mvua, udongo mzuri na barabara. Aliyekaa Lodwar miaka miwili akaongoza serikali iliyoiweka Lodwar mwisho wa foleni.

Kwa hiyo ramani nyingi za kina zilikuja wakati wa njaa. Ukame wa 1979 hadi 1981 uliwamaliza mifugo. Msaada ukaja, wafadhili wakaja, na wafadhili wanataka takwimu. Kati ya 1982 na 1984 ukafanywa uchunguzi wa rasilimali wa wilaya nzima: miti, nyasi, mifugo, maboma. Wengi wakati huo walikuwa na jibu tayari mfukoni: mifugo ni mingi mno, mfugaji ndiye anayeleta jangwa.

Kumbe mambo si rahisi hivyo. Kusini mwa Lodwar, watafiti wa mradi wa South Turkana Ecosystem Project walikaa miaka wakifuatilia familia za Ngisonyoka, wakiandika wanahamia wapi na kwa nini. Waliona kwamba kuhamahama ni hesabu: nyasi ziko wapi, maji yako wapi, adui yuko wapi. Mwaka 1995, Robin Reid na James Ellis wakachapisha jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyosoma kuhusu nchi hii. Mbuzi hula maganda ya mgunga, mti ambao Waturkana huuita ewoi. Mbegu hupita tumboni, hutoka na samadi bomani. Familia ikihama na mvua ikinyesha, miche huota ndani ya boma lililoachwa. Boma kuukuu linakuwa kitalu. Kwenye picha ya kutoka angani utaona doa la miti, uandike "msitu wa asili". Hutajua kwamba kuna mama aliyewafungia mbuzi wake hapo miaka ishirini iliyopita.

Ukikaribia mto, mambo yanazidi kuwa na mwenyewe. Kando ya Turkwel na laga nyingine za Turkana ya kati kuna ekwar. Ni haki ya familia juu ya miti ya sehemu fulani ya ukingo, hasa kwa ajili ya majani na maganda ya kulisha mifugo wakati wa kiangazi. Hurithiwa. Mwingine anaweza kuitumia, lakini aombe. Na usipoonekana kwa miaka mingi, haki yako hufifia. Hakuna ua, hakuna kibao, hakuna hati. Sasa mwambie mtu wa ofisini achore hiyo. Ataweka kijani, aandike "uoto wa kando ya mto", amalize.

Palepale ndipo miradi ilipoleta mathenge, mti wa kigeni wa kuzuia jangwa. Ukazuia pia njia, malisho na visima. Leo watu wanauchomea makaa kwa sababu umejaa kila mahali.

Kakuma ni sura nyingine ya hadithi hiihii. Mwaka 1992 vijana waliokimbia vita Sudan walifika, na kambi ikasimama kando ya laga ya Tarach. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, ina watu zaidi ya 250,000. Huo ni mji mkubwa katika nchi ambayo ramani iliiita mchanga. Kuni ndizo zilizofichua ukweli. Mkimbizi akienda kukata mti, alikuta mti una mwenyewe. Ugomvi ukazuka, wanawake wakashambuliwa, ikabidi mashirika yagawe kuni, na wenyeji wakaanza kuuza kuni na makaa kambini. Sheria za miti ambazo hazikuchorwa popote zikaonekana zote kwa mpigo.

Kisha 2013 dunia ikatangaziwa kwamba picha za rada zimegundua bahari ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, kule Tarach inakoishia: mita za ujazo bilioni 200. Magazeti yalishangilia. Majaribio yaliyofuata yakakuta maji hayo yana chumvi nyingi. Lodwar bado inategemea visima vya kando ya Turkwel.

Siwacheki wenye setilaiti. Bila picha hizo huwezi kujua malisho yamekauka kwa kiasi gani kabla mifugo haijaanza kufa. Shida ni kuchora bila kuuliza. Isiolo walijaribu kuuliza: katika miaka ya 2010 wazee wa Kiborana walikaa mbele ya picha za setilaiti, wakaonyesha malisho ya kiangazi, ya masika, na yale ya akiba ambayo hayaguswi hadi hali iwe mbaya kabisa.

Turkana inahitaji hiyo, na inaihitaji sasa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii isajili ardhi yake. Isiposajiliwa, kaunti inaishika kwa niaba yao. Kusajili kunataka mipaka ichorwe. Wakati huohuo kuna mafuta yaliyopatikana 2012, barabara mpya, na Kakuma inayokua. Mstari ukichorwa vibaya safari hii, utakuwa na hati, na wa kulaumiwa hatakuwa Mwingereza.

Waturkana wana maneno mawili kwa mwaka: akiporo, majira ya mvua, na akamu, kiangazi. Ramani itakayowasaidia lazima ibebe yote mawili, na iseme ni nani wa kuombwa ruhusa katika kila moja. Ukikutana na aliyeajiriwa kuichora, muulize swali moja tu: hii ni ya mwezi gani?