Joto la Nyumba za Rungwe

Watumishi wengi wanaohamishiwa Tukuyu kutoka pwani hufika na mashuka mepesi, na kabla ya wiki kwisha huonekana sokoni wakitafuta blanketi. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia meta 3,000. Mvua inayonyesha kwa mwaka hupita milimeta 2,000. Ukifika msimu wa kipupwe, mwezi Juni na Julai, ukungu hulala migombani hadi saa nne asubuhi, na nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kuwa bado mbichi siku ya Alhamisi. Kwa hiyo kuipasha nyumba joto si anasa kwetu. Ni jambo lenye historia yake, ingawa katika miaka yote niliyofundisha sikuiona katika kitabu chochote cha shule.

Wazee wetu walilitatua jambo hilo kwa njia ambayo kijana wa leo huicheka. Mskoti Joseph Thomson alipopita Unyakyusa mwaka 1879, alivisifu sana vijiji alivyoviona kwa usafi wake, migomba yake na nyumba zake za mianzi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, walieleza yaliyokuwa ndani ya nyumba hizo: watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja. Msomaji asidhani kwamba wazee walikosa mahali pa kujenga zizi. Ng'ombe walilindwa ndani dhidi ya wezi, chui na baridi, nao walilipa fadhila hiyo kwa joto la miili yao. Ng'ombe anayecheua usiku ni kama jiko lisilozimika wala kuhitaji kuni. Katikati kulikuwa na moto wenyewe, na moshi wake ulipenya polepole kwenye nyasi za paa, ukizikausha na kuwafukuza wadudu.

Lakini kulikuwa na joto la aina nyingine pia. Wanyakyusa walijulikana duniani kwa desturi ya vijiji vya marika: wavulana wakifikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za wazazi, wakajenga vibanda vyao na kulala pamoja. Kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzako, tunakuita ukwangala, na wazee walihesabu kuwa ni sehemu ya utu. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo kilipewa jina kutokana na wazo hilo hilo. Sasa, ukwangala usiku wa kipupwe unahitaji moto. Mwenye moto alikuwa na wageni, na mwenye wageni alikuwa na habari, ushauri na ulinzi.

Mwaka 1891 wamisheni wa Moravian na wa Berlin walifika, na baada yao serikali ya Kijerumani ikajenga makao yake hapa, mahali walipopaita Neu Langenburg. Wakaleta tofali, madirisha na paa lisilovuja. Hata hivyo wao hawakuusahau moto. Katika nyumba kongwe za wamisheni na za wenye mashamba ya chai nilizowahi kuingia, nilikuta meko yaliyojengwa ukutani sebuleni, na bomba la moshi likitokeza juu ya paa.

Sisi tulipopata fedha za kahawa na chai, tulijenga nyumba za tofali pia. Tukaweka mabati, tukatia vioo madirishani, tukawahamishia ng'ombe bandani. Mambo hayo yalikuwa mema: macho ya mama zetu yalipona moshi, na watoto walipata mahali pa kusomea. Lakini katika kuiga nyumba ya mzungu tuliacha kitu kimoja, nacho ni bomba la moshi. Ramani ya nyumba tuliyoipokea ilikuwa ile ile inayojengwa Morogoro na Dar es Salaam, ambako shida ni joto. Bati hupoa haraka jua likizama, na sakafu ya saruji ni kama jiwe la mtoni. Tulipata nyumba nzuri zaidi, lakini zenye baridi zaidi. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Pengo hilo likazibwa na jiko la mkaa. Usiku mtu huliingiza chumbani, hufunga dirisha, huziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga, kisha hulala. Mkaa hauna moshi wa kuwasha macho, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake. Unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Vijana wangu wawili waliokuwa wamepanga chumba karibu na shule walilala hivyo usiku mmoja wa Julai. Mmoja alizinduka hospitalini. Mwingine tulimsindikiza kwao tukiwa na daftari zake.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefanikiwa katika biashara, aliniita kuangalia mafundi wakifunga mtambo wa kiyoyozi nje ya nyumba yake mpya. Walitoboa ukuta kwa kuuinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ndani, wakapitisha mabomba mawili ya shaba yaliyovikwa sponji, wakaufunga mtambo juu ya vyuma mbali kidogo na ukuta upate kupumua, kisha wakanyonya hewa yote mabombani kabla ya kufungulia gesi. Mimarekani Willis Carrier alibuni mashine ya namna hii mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, lakini wazo la kuitumia kupasha joto ni la zamani zaidi: William Thomson wa Glasgow alilieleza mwaka 1852. Mtambo hauzalishi joto. Unalichota nje, hata penye baridi, na kuliingiza ndani, na kwa umeme wa kipimo kimoja huweza kuleta joto la vipimo vitatu. Viyoyozi vingi vinavyouzwa pwani hupoza tu. Mnunuzi wa Tukuyu lazima aulize kama chake hugeuka.

Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini umeme ukikatika mtambo nao hulala, na wengi wetu hatutaumudu. Tunachokimudu ni dari chini ya bati, madirisha yanayofunga vizuri, na meko yenye bomba la moshi kama waliyojenga wale wa kwanza. Fundi yeyote wa Rungwe anaweza kulijenga bomba hilo akiambiwa. Basi tumwambie kabla hajamwaga msingi, na tumwambie ajenge meko hayo sebuleni, penye nafasi ya viti vya kutosha.